Injini kubwa bila breki ni usajili wa hasara

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, wimbo wa vijiweni huwa mmoja: leteni straika. Timu inaweza kuwa imeruhusu mabao kibao kwa sababu beki wa kushoto amechoka na kiungo mkabaji anacheza peke yake, lakini sauti inayosikika kuliko zote ni ya anayetaka mfungaji mpya. Straika anatua, anapokewa uwanja wa ndege kwa matarumbeta, anafunga mabao yake, na msimu ukiisha timu iko palepale ilipokuwa. Shida haikuwa mbele.

Ugonjwa huohuo umeingia gereji. Mtu mwenye pesa kidogo na mapenzi makubwa anapata gari la michezo la zamani, tuseme Datsun 240Z au MGB, ndinga ya milango miwili iliyotamba enzi za wazee. Kabla hajaliendesha hata wiki mbili, ameshaanza kuulizia bei ya injini nyingine: V8 ya Marekani, au ile 2JZ ya Toyota yenye silinda sita ambayo vijana wanaitaja kwa heshima kama namba 10 wa timu ya taifa. Injini ya kiwandani inatolewa, kubwa inafungwa, video ya muungurumo inarushwa mtandaoni na pongezi zinamiminika. Anayeuliza kuhusu breki anaonekana mnoko.

Lisieleweke vibaya. Kubadilisha injini si dhambi wala si uhuni. Baadhi ya magari yanayoheshimiwa sana katika historia ya mbio yalizaliwa kwa njia hiyohiyo. Hoja ni mpangilio wa kazi. Nguvu inapaswa kuwa kitu cha mwisho kununuliwa, baada ya chesisi, breki, usukani, difu na rejeta. Anayeugeuza mpangilio huo hajajenga gari la kasi. Amejenga ajali inayongoja siku yake, na watakaoilipia si yeye peke yake.

Ukiona vyaelea

Anayetetea injini kubwa huanza na Cobra, na ana haki ya kufanya hivyo. Carroll Shelby, Mmarekani wa Texas, alishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1959 akipokezana usukani wa Aston Martin na Roy Salvadori. Mwaka uliofuata maradhi ya moyo yalimlazimisha kutundika kofia yake ya mbio. Uingereza, katika mji wa Thames Ditton, kulikuwa na kampuni ndogo iitwayo AC iliyokuwa ikitengeneza gari jepesi na zuri, jina lake Ace. Gari hilo lilitumia injini ya Bristol ya lita 2, silinda sita. Bristol walipoacha kuitengeneza mwaka 1961, AC walijikuta na mwili mzuri usio na moyo.

Shelby akawaandikia barua akiomba watengeneze Ace litakaloweza kupokea V8. AC wakakubali, ilimradi injini ipatikane. Chevrolet hawakuwa tayari kumpa silaha ambayo ingekuja kuipiga Corvette yao wenyewe. Ford, ambao walikuwa wakiitafuta Corvette kwa udi na uvumba, wakafungua mlango.

Februari 1962 gari la kwanza lilisafirishwa kwa ndege hadi Los Angeles likiwa halina injini. Mafundi waliifunga V8 ya Ford ya lita 4.2 katika karakana ya Dean Moon huko Santa Fe Springs, California, kwa muda usiofika saa 8. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa kwenye kila kijiwe cha magari: saa 8 tu, na mnyama yuko barabarani.

Sehemu isiyosimuliwa ni kazi iliyofanyika kabla ya saa hizo 8. AC walikuwa wameshaitoa difu ya zamani na kuweka ya Salisbury, aina ileile iliyokuwa kwenye Jaguar E-Type, kwa sababu ya kwanza isingehimili msukumo wa V8. Boksi la usukani lilisogezwa pembeni ili kuipisha injini iliyo pana. Na injini yenyewe haikuchaguliwa kwa sababu ya ukubwa tu. Ford walikuwa wametoka kujifunza kumimina bloku ya chuma yenye kuta nyembamba, kwa hiyo V8 yao ilikuwa nyepesi kuliko V8 nyingi za wakati ule na haikuizidi sana kwa uzito ile ya Bristol. Pua ya gari haikuelemewa.

Hata hapo kazi haikuisha. Magari 75 ya kwanza yalipata injini ya lita 4.2, kisha ikaja ya lita 4.7. Usukani wa kizamani haukutosha tena, na mhandisi mkuu wa AC, Alan Turner, akaichora upya sehemu ya mbele ili ipokee usukani wa reki. Magari ya namna hiyo yakaanza kutoka mwaka 1963. Kila nguvu ilipopanda, kulikuwa na kiungo kingine cha gari kilichodai haki yake, na kilipopewa haki hiyo ndipo gari lilipoendelea kushinda. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Cobra iliundwa.

Siku injini ilipolizidi gari

Kuna ukurasa mwingine wa Cobra ambao wapenzi wa injini kubwa hupenda kuuruka. Wapinzani walipoanza kukaribia, timu ya Shelby ilijaribu njia ya mkato. Ilichukua chesisi ileile, yenye springi za vyuma bapa kama za mkokoteni, na kuibebesha injini kubwa zaidi ya Ford, ya familia iliyokuwa ikifungwa kwenye magari makubwa ya Kimarekani. Dereva wao Ken Miles, mtu aliyejua gari kama kipa mzoefu anavyolijua goli lake, aliliendesha na kusema kwamba karibu haliendesheki. Akalibandika jina la kejeli linalomaanisha kinyesi.

Kilichofuata ndicho kinachotofautisha mafundi na wapiga kelele. Hawakutafuta dereva mwenye ubavu zaidi. Walirudi kwenye meza ya kuchora. Chesisi mpya ikajengwa kwa mabomba ya kipenyo cha inchi 4 badala ya 3, springi za bapa zikatupwa na kila gurudumu likapewa springi ya kujizungusha, mapaja ya bodi yakapanuliwa kupisha tairi pana, na mdomo wa kupitishia hewa ya rejeta ukaongezwa. Baada ya hayo yote ndipo injini ya lita 7 ikakaribishwa, na magari hayo yakaanza kutengenezwa Januari 1965.

Lakini je, ni hiyo lita 7 iliyoleta ubingwa? Hapana. Tatizo la Cobra ya wazi pale Le Mans lilikuwa barabara ndefu iliyonyooka ya Mulsanne. Ferrari 250 GTO yenye injini ya lita 3 ilikuwa ikiipita Cobra ya lita 4.7 kama imesimama. Adui alikuwa upepo. Kijana aitwaye Peter Brock akachora bodi iliyofunikwa, yenye pua ya chini na mkia uliokatwa, na gari hilo likaitwa Daytona Coupe. Injini ilibaki ya lita 4.7. Mwaka 1964 Dan Gurney na Bob Bondurant walilipeleka Le Mans wakashinda daraja la magari ya GT na kushika nafasi ya nne kwa jumla. Julai 4, 1965, siku ya uhuru wa Marekani, ubingwa wa dunia wa watengenezaji wa magari ya GT ulifungwa huko Reims, Ufaransa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtengenezaji wa Kimarekani kuutwaa.

Shabiki wa soka anaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa. Kocha hakununua mchezaji. Alibadilisha mfumo, na kikosi kilekile kikabeba kombe.

Tiger, nyundo na plagi moja

Mafanikio ya Cobra yaliwatia wengine hamu. Kundi la Rootes la Uingereza lilikuwa na gari dogo la kupendeza, Sunbeam Alpine, ambalo watu walilisifu kwa sura na kulicheka kwa mwendo. Watu wake wa Marekani wakamwendea Shelby, naye akalitengeneza la mfano lenye V8 ya Ford ya lita 4.2. Lilipofika Uingereza, mzee Lord Rootes mwenyewe aliliendesha na kulipenda. Likapewa jina la Tiger na kuzinduliwa New York Aprili 1964, likiwa na nguvu za farasi 164, takribani mara mbili ya Alpine ya kawaida.

Barabarani Tiger lilikuwa raha, hilo halina ubishi. Shida ilikuwa chini ya boneti. V8 ilibanana mle ndani kama abiria wa daladala ya jioni. Katika kiwanda cha Jensen, West Bromwich, kilichoyaunganisha magari hayo, moja ya hatua rasmi za kazi ilikuwa kupiga kwa nyundo ukuta unaotenga injini na chumba cha dereva, ukuta ambao ulikuwa umeshapigwa rangi, ili injini ipate kuingia. Plagi moja ilikuwa haifikiki kwa kawaida, ikabidi itobolewe tundu maalumu kwenye ukuta huo ili fundi aifikie kutokea ndani ya gari. Joto likawa malalamiko ya kila siku, kwa sababu injini kubwa ilikaa kwenye chumba kilichopimwa kwa injini ndogo. Magari mawili ya Tiger yaliyopelekwa Le Mans mwaka 1964 hayakumaliza. Yote mawili injini zilikufa.

Mwisho wake ulikuwa wa kibiashara zaidi kuliko wa kiufundi. Chrysler waliponunua Rootes, walijikuta wakiuza gari lenye moyo wa mshindani wao Ford. V8 zao wenyewe hazikuweza kuingia mle bila kulichora gari upya. Mwaka 1967 Tiger likazikwa, baada ya kutengenezwa magari yapatayo 7,000.

Hapo kuna maswali mawili ambayo kila mwenye ndoto ya kubadilisha injini, awe Birmingham au Buguruni, anapaswa kuyajibu kabla hajatoa hata shilingi. La kwanza: je, injini hiyo itakaa, au itashindiliwa? Injini iliyoshindiliwa haipumui, haipoi, na siku plagi ikifa fundi atalazimika kuishusha yote. La pili: spea zitatoka wapi baada ya miaka mitano? Injini iliyotoka kiwanda kimoja, giaboksi ya kiwanda kingine, mabano ya kuchomelea yaliyotengenezwa na fundi ambaye hakuandika vipimo popote, ni gari ambalo mtu mmoja tu duniani anaweza kulitibu. Fundi huyo akihama mtaa, gari limekufa.

Kilo zina kauli kuliko farasi

Mfano wa MG unafaa kubandikwa ukutani kwenye kila gereji. MGB lilikuwa gari la silinda nne lililopendwa kwa kukaa vizuri kwenye kona. Mwaka 1967 kiwanda kilitaka kuliongezea ubavu, kikafunga injini ya silinda sita ya karibu lita 3 na kuliita MGC. Nguvu zilifika farasi 145. Lakini injini hiyo ya chuma ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 90 juu ya ile ya silinda nne, na uzito wote huo ulikuwa puani. Waandishi wa magari wa wakati huo walilisema vibaya: gari lilikuwa zito kugeuka, likiingia kwenye kona kama beki aliyepigwa chenga na anajaribu kugeuka na kiatu kimekwama kwenye nyasi. Mwaka 1969 MGC likaondolewa sokoni.

Mwaka 1973 kiwanda kikajaribu tena. Safari hii kilichukua V8 ya Rover ya lita 3.5, iliyochorwa na Buick huko Marekani na kumiminwa kwa aluminiamu. Nguvu zake zilikuwa farasi 137, pungufu kuliko za MGC. Kwa karatasi, hatua ya kurudi nyuma. Kwa barabara, hatua mbele, kwa sababu V8 hiyo ya aluminiamu haikulemea pua na gari likabaki na tabia yake njema. Yalitengenezwa magari 2,591 tu hadi mwaka 1976, kwani bei ilikuwa juu na mgogoro wa mafuta wa mwaka huohuo wa 1973 ulikuwa umebisha hodi. Hata hivyo, mwenye MGB GT V8 leo hahitaji kulitetea. Mwenye MGC bado anaulizwa maswali.

Injini yenye farasi wachache ilitoa gari bora kuliko yenye farasi wengi. Anayenunua injini kwa kusoma namba ya farasi peke yake ni sawa na skauti anayesajili kwa kutazama video ya mabao bila kuuliza goti.

Somo liko nyumbani

Asiyevutiwa na habari za Waingereza na Wamarekani atazame nyumbani. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo mahakama kali kuliko zote ya ubishi huu. Mwaka 1974 Porsche 911 Carrera RS ya lita 2.7, mikononi mwa Björn Waldegård wa Sweden, ilipambana na Mitsubishi Lancer ya cc 1600 iliyoendeshwa na Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya. Kwa hesabu za injini, mechi hiyo ilikuwa ya kigogo na timu iliyopanda daraja juzi. Joginder alishinda. Porsche ikamaliza ya pili.

Lancer haikushinda kwa bahati. Ilishinda kwa sababu katika tope, mawe na madimbwi, gari linalobaki zima, linalosikiliza usukani na linaloweza kutengenezwa haraka lina thamani kuliko gari linalokimbia zaidi mahali ambapo hapakimbiliki. Datsun 240Z, gari lilelile ambalo leo linatolewa injini kila siku, lilishinda Safari mwaka 1971 na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, likitumia silinda sita za lita 2.4. Injini inayoitwa dhaifu leo ndiyo iliyowapiga wakubwa wa dunia kwenye barabara zetu za vumbi.

Hesabu isiyobishana

Kwa nini breki zije kwanza? Kwa sababu ya hesabu ambayo haijali mapenzi ya mtu. Nguvu ya mwendo ambayo breki inapaswa kuimeza haipandi sawasawa na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, mzigo wa breki unaongezeka mara nne. Gari linalosimamishwa kutoka kilomita 140 kwa saa linazipa breki kazi inayokaribia mara mbili ya linalosimamishwa kutoka kilomita 100, ingawa kwenye dashibodi tofauti ni kilomita 40 tu. Na umbali wa kusimama unaongezeka kwa kiwango hichohicho.

Datsun 240Z na MGB zilitoka kiwandani na diski mbele na ngoma nyuma. Mpangilio huo ulitosha kwa injini iliyokusudiwa. Ukifunga injini yenye nguvu mara mbili, gari litafika kwenye kasi ya hatari mapema na mara nyingi zaidi, na kila mara breki zilezile ndogo zitaitwa kuokoa jahazi. Mara ya kwanza zitaitika. Mara ya tano, zikiwa zimewaka moto na mafuta ya breki yakianza kuchemka, pedali itazama hadi sakafuni. Dereva hatapata nafasi ya kukata rufaa.

Mpangilio wa kazi basi haufichiki. Kwanza bodi na chesisi, maana magari haya yana umri wa miaka 50 na zaidi, na kutu huanza kula mahali pasipoonekana. Hakuna maana ya kuibebesha nguvu mpya fremu iliyooza. Pili breki, kuanzia diski hadi mabomba yake. Tatu tairi, springi, shokapu na usukani. Nne difu, propela na klachi, kwa kuwa msukumo wa injini mpya utatafuta kiungo kilicho dhaifu na kukivunja. Tano rejeta na feni, hasa kwa gari litakalokaa kwenye foleni ya Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Januari. Sita, ndiyo, injini. Fundi anayekubali kuanza na namba sita kwa sababu mteja ana haraka, anauza jina lake kwa bei ya chakula cha mchana.

Vipi kuhusu heshima ya mzee?

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema gari la zamani lisiguswe kabisa. Hawa nao wanahitaji kukumbushwa kwamba ile Cobra ya kwanza, gari lililozaliwa kwa kupewa injini ya watu wengine, iliuzwa kwa mnada Monterey, California, Agosti 2016 kwa dola milioni 13.75. Historia haijawahi kuwachukia waliobadilisha injini. Imewasahau waliobadilisha vibaya.

Hata hivyo wana hoja moja nzito. Magari yenye injini iliyotoka nayo kiwandani, ambayo namba ya injini na ya chesisi zinalingana na kumbukumbu, yanapungua kila mwaka na hayatengenezwi tena. Mbio za magari ya kihistoria zinazosimamiwa kwa kanuni za FIA hudai gari liwe katika hali ya kiufundi ya enzi zake. Aliyekata ukuta wa chesisi kwa msumeno ili kuingiza V8 amejifungia mlango huo yeye na kila atakayelimiliki baada yake. Busara iko katikati: injini ya zamani isiuzwe kama chuma chakavu, ifungwe vizuri na kuwekwa. Mabano ya injini mpya yafungwe kwa boliti palipo na tundu tayari, si kwa kukata. Gari la kawaida lililotengenezwa kwa wingi au lililopoteza injini yake zamani ndilo litumike kwa ndoto hizi. Lile adimu, lililo zima, liachwe lizeeke kwa heshima.

Kuna na suala la karatasi, ambalo wengi hulikwepa. Kadi ya gari ina namba ya injini. Injini ikibadilika na kadi ikabaki na namba ya zamani, mwenye gari amejitengenezea kesi na polisi na ubishi na kampuni ya bima siku ya ajali. Kuandikisha mabadiliko kunachosha, lakini kunachosha kidogo kuliko kueleza mahakamani kwa nini gari lililokatiwa bima ya farasi 90 lilikuwa na farasi 300.

Wajibu hauishii kwa mwenye gari. Waandaaji wa mashindano ya magari wanaopenda kuyapanga haya mbele ya watazamaji wayakague kwanza breki, si rangi. Gari lililobadilishwa injini na kubaki na breki za kiwandani halipaswi kuruhusiwa kuwashwa karibu na kamba ambayo nyuma yake kuna watoto. Mafundi nao, ambao wengi wana mikono ya dhahabu, wajifunze kumwambia mteja hapana kama kocha anayekataa kusajiliwa mchezaji wa rais wa klabu.

Muungurumo wa V8 ndani ya gari dogo la zamani ni muziki, na hakuna anayetaka uzimwe. Shelby na wenzake walithibitisha kwamba ndoa hiyo inawezekana na inaweza kuleta kombe. Walithibitisha pia kwamba inajengwa kuanzia chini kwenda juu: kwenye mabomba ya chesisi, kwenye difu, kwenye usukani, kwenye upepo unaopita juu ya bodi. Anayetaka gari lake likimbie kuliko lilivyozaliwa, aanze kwa kuhakikisha linasimama.